Wabunge Wanaojificha: Unafiki, Faragha na Kura Dhidi ya Wapenzi wa Jinsia Moja

Katika siasa za Marekani kuna kashfa ya aina moja inayojirudia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mbunge aliyejijengea jina kwa kutetea familia ya mume na mke, aliyepiga kura kuwanyima wapenzi wa jinsia moja ndoa, utumishi jeshini au ulinzi wa sheria, anagundulika kuwa yeye mwenyewe ana uhusiano na wanaume. Magazeti huandika kwa wiki moja au mbili, mbunge hujiuzulu au hukanusha, kisha mjadala hufifia huku watu wakiwa wamechanganyikiwa kuliko walivyoanza. Hufifia hivyo kwa sababu maswali matatu yamesukwa kuwa moja. La kwanza ni la tabia: je, mtu huyu ni mnafiki? La pili ni la maadili ya habari: je, ni halali kumwanika? La tatu ni la sheria yenyewe: je, alichokipigia kura kilikuwa cha haki? Mwenye jibu la swali moja hudhani ameyajibu yote.

Neno unafiki na mipaka yake

Kiswahili kina maneno mawili yanayogusa jambo hili, nayo hayalingani. Ndumilakuwili ni anayesema hili hapa na lile kule. Kosa lake liko mdomoni. Mnafiki, neno lililotoka katika Kiarabu na kukita mizizi katika lugha ya dini, ni anayedhihirisha imani asiyokuwa nayo. Kosa lake liko moyoni. Tofauti hii ina uzito, kwa kuwa si kila atendaye kinyume cha maneno yake ni mnafiki. Mlevi anayewaonya wanawe wasiguse pombe anaweza kuwa msemakweli kuliko wote nyumbani. Vivyo hivyo mbunge anayeamini kwamba mapenzi ya jinsia moja ni dhambi, akaanguka, akatubu, akaanguka tena, ana udhaifu, lakini kuhusu imani yake hajamdanganya mtu.

Kinachoibadilisha hali hiyo ni madaraka. Mtu wa kawaida anayejihukumu hujiumiza mwenyewe. Mbunge anayejihukumu kwa kutunga sheria huwaumiza wengine, na yeye hubaki salama nyuma ya siri, cheo na mawakili. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, kwa binadamu mchungu. Lawama iliyo nzito kuliko zote dhidi ya wabunge hawa ni kwamba waliwatungia wenzao sheria ambayo wao walikuwa na mlango wa kuikwepa. Kutoishi walivyohubiri ni kosa dogo likilinganishwa na hilo.

Woga uliotengenezwa na serikali

Kujificha huku hakukuzuka kwa tabia za watu mmoja mmoja. Kulitengenezwa. Mwaka 1950, wakati Seneta Joseph McCarthy akiwasaka wakomunisti, kamati ya Seneti iliyoongozwa na Clyde Hoey ilitoa ripoti iliyodai kwamba wapenzi wa jinsia moja hawafai kuajiriwa serikalini, hoja mojawapo ikiwa kwamba majasusi wanaweza kuwatisha kwa siri zao. Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Dwight Eisenhower alitia saini amri namba 10450, na watumishi wengi wakapoteza kazi katika miaka iliyofuata. Hoja hiyo ilikuwa inajizunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake: siri ilikuwa silaha kwa sababu aliyefichuliwa alifukuzwa kazi, na alifukuzwa kwa sababu siri yake ilikuwa silaha.

Seneta Lester Hunt wa Wyoming aliyaonja makali ya utaratibu huo. Mwanawe alikamatwa mjini Washington mwaka 1953 kwa kumtongoza mwanamume ambaye kumbe alikuwa askari polisi aliyevaa kiraia. Maseneta wa chama pinzani walimfikishia Hunt ujumbe kwamba kesi hiyo ingegeuzwa silaha dhidi yake asipoachana na kiti chake. Tarehe 19 Juni 1954 alijiua ofisini kwake, ndani ya jengo la Seneti. Siri hiyo haikuwa hata yake, ilikuwa ya mtoto wake, na bado ilitosha.

Upande wa pili wa sarafu hiyo alisimama Roy Cohn, wakili mkuu wa McCarthy. Alishiriki katika msako uliowaangamiza watumishi wa serikali, ilhali naye alikuwa na wapenzi wa kiume, na aliendelea kukana hadi kifo chake kwa ukimwi mwaka 1986. Cohn hakuwa mbunge, lakini wengi waliokuja baada yake walifuata nyayo zake: kuwa karibu na wawindaji ili usiwindwe.

Kesi zilizojenga mjadala

Mwaka 1980 Robert Bauman wa Maryland, mmoja wa wahafidhina waliosikika sana katika Baraza la Wawakilishi, alishtakiwa kwa kumtaka kijana wa kiume kimapenzi. Mwezi mmoja baadaye alishindwa uchaguzi. Jon Hinson wa Mississippi alijiuzulu Aprili 1981 baada ya kukamatwa chooni katika jengo la ofisi za Baraza hilo. Baadaye alijitokeza wazi na kuwa mtetezi wa haki za wenzake hadi alipofariki mwaka 1995.

Kesi ya Larry Craig, seneta wa Idaho, ndiyo iliyoingia vinywani mwa watu wengi zaidi. Alikamatwa tarehe 11 Juni 2007 katika choo cha uwanja wa ndege wa Minneapolis, akidaiwa kumwashiria askari aliyekuwa chumba cha pili, na Agosti alikiri kosa dogo la kuvunja utulivu. Habari ilipotoka, alisimama mbele ya kamera akakanusha kuwa shoga, akajaribu bila mafanikio kuufuta ukiri wake mahakamani, na akamaliza muhula wake mwanzoni mwa 2009. Msimamo wake haujabadilika. Kumbukumbu za polisi na mahakama zinaonyesha kilichotokea chooni, lakini hazina uwezo wa kusema mtu ni nani. Mwandishi makini hupaswa kukomea hapo, ingawa wengi hawakukomea.

Roy Ashburn anafundisha zaidi ya wote, kwa kuwa alijieleza. Alikuwa seneta wa jimbo la California, akiwakilisha eneo la Bakersfield, na alikuwa amezipinga hoja zote za haki za wapenzi wa jinsia moja zilizofika mbele yake. Machi 2010 alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, baada ya kutoka katika baa ya mashoga mjini Sacramento. Siku chache baadaye alikiri redioni kwamba yeye ni shoga, na akasema kura zake zilikuwa za wapiga kura wake: walitaka apige hivyo, naye alipiga hivyo. Miezi mitatu baadaye alisimama bungeni kuunga mkono azimio la kutaka ifutwe sheria ya 1993 iliyowaruhusu mashoga kutumika jeshini kwa sharti la kunyamaza. Alisema wazi kwamba kabla ya matukio ya miezi ile asingethubutu kuizungumzia hoja ya namna hiyo.

Aaron Schock wa Illinois aliondoka Baraza la Wawakilishi mwaka 2015 kwa sababu ya matumizi ya fedha, akajitangaza Machi 2020. Aliandika kwamba kama angekuwa bado bungeni angeunga mkono haki hizo kwa kila namna. Waliomkosoa walikumbusha kwamba alipokuwa na kura mkononi, mwaka 2010, aliitumia kupinga kufutwa kwa sheria hiyohiyo ya jeshi.

Nje ya Marekani kesi inayofanana ni ya József Szájer wa Hungaria, mbunge wa Ulaya na mmoja wa waasisi wa chama cha Fidesz. Alijivunia kuandika rasimu ya katiba ya nchi yake ya 2011, inayosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwenye kompyuta yake ya mkononi. Novemba 2020 polisi wa Brussels waliivamia sherehe ya wanaume zaidi ya ishirini iliyovunja masharti ya korona, naye akakamatwa baada ya kutorokea kwenye bomba la maji ya mvua. Alijiuzulu na kuomba radhi kwa kuvunja masharti hayo.

Orodha hii haimhusu kila mbunge aliyekumbwa na kashfa ya ngono na wanaume. Mark Foley wa Florida alijiuzulu Septemba 2006 kwa kuwatumia ujumbe wa kimapenzi vijana wadogo waliokuwa matarishi wa Bunge. Hilo ni suala la mtu mzima mwenye cheo na watoto walio chini ya mamlaka yake. Kulitia katika kapu moja na uhusiano wa watu wazima wawili walioridhiana ni kuwadhulumu watoto hao na kuwatukana watu wasiohusika.

Kwa nini mtu apige kura dhidi ya nafsi yake

Mwaka 1970 mwanasosholojia Laud Humphreys alichapisha utafiti kuhusu wanaume waliokutana kingono katika vyoo vya umma. Zaidi ya nusu walikuwa na wake. Mbinu zake zimelaumiwa sana, na kwa haki, maana aliandika namba za magari yao na kuwafuata nyumbani akijifanya mtafiti wa mambo mengine. Lakini alichokiona kimebaki. Waliokuwa na kikubwa cha kuficha walijivika uadilifu kupita kiasi, kama askari anayevaa dirii kifuani, na walikuwa wakali katika siasa kuliko majirani zao. Ukali ulikuwa kinga, kwa kuwa hakuna anayemshuku mtu anayepiga kelele kuliko wote.

Maelezo ya pili ni ya kisiasa, nayo yanaonekana kuwa na nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Katika majimbo yenye chama kimoja kikubwa, mgombea haangamizwi na chama pinzani, huangamizwa na kura za mchujo ndani ya chama chake. Wapiga kura wa mchujo ni wachache na wana msimamo mkali. Mbunge asiyeoa, au mwenye uvumi nyuma yake, ambaye anapiga kura ya kulegeza, hualika maswali ambayo mwenzake mwenye mke na watoto haulizwi kamwe. Hivyo aliye na siri hana hata nafasi ya kuwa wa wastani. Kauli ya Ashburn kwamba aliwatii wapiga kura inaeleweka katika mazingira haya, lakini haimwokoi: mwakilishi hutarajiwa kutumia akili yake, na wapiga kura wale hawakujua kwamba waliyemtuma ni mtu aliyekosa uhuru wa kufikiri.

Maelezo ya tatu ni ya saikolojia, na ndiyo yanayopendwa mno. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia waliwapima wanaume 64 na kukuta kwamba wenye chuki kubwa dhidi ya mashoga walisisimka zaidi kimwili kuliko wengine walipotazama filamu za wanaume wakijamiiana. Utafiti wa 2012 uliowahusisha wanafunzi wa Marekani na Ujerumani ulihusisha mvutano huo wa ndani na malezi ya wazazi wakali. Tafiti nyingine hazikupata uhusiano huo. Kutokana na vikundi vidogo vya wanafunzi umma umejitungia kanuni kwamba kila mpinzani mkali ni shoga aliyejificha. Kanuni hiyo ni ya uongo, na madhara yake yanaonekana pale hoja zinapopimwa.

Maelezo ya nne husahaulika: wapo wanaoamini kweli. Imani si nguo ya kuvaa na kuvua. Mtu anaweza kuiona hali yake kuwa jaribu, akaona sheria kali ni msaada kwa walio kama yeye. Anakosea, kwa sababu adhabu ya dola haijawahi kumbadilisha mtu anampenda nani, lakini hadanganyi.

Hoja ya wanaotaka waanikwe

Mtetezi anayekumbukwa zaidi ni Barney Frank, mbunge wa Massachusetts aliyejitangaza mwaka 1987. Msimamo wake ulikuwa kwamba faragha ni haki ya kila mtu, isipokuwa pale mtu anapotumia mamlaka yake kuwadhuru wenzake kwa jambo lilelile analolifanya mwenyewe. Mwandishi Michelangelo Signorile alikwenda mbali zaidi katika jarida la OutWeek miaka ya 1989 hadi 1991, akidai kwamba kukaa kimya kwa vyombo vya habari kunaifanya hali hii ionekane ya aibu. Filamu ya Kirby Dick ya 2009, Outrage, iliyapeleka madai hayo kwa watazamaji wengi.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba wapiga kura wana haki ya kujua mgongano wa masilahi. Mbunge mwenye hisa katika kiwanda hutakiwa kuzitangaza kabla ya kuupigia kura muswada wa viwanda. Anayewapigia kura wenzake waadhibiwe ana mgongano mzito kuliko wa fedha. Pia siri humfanya mtu atishike, kama Hunt alivyotishwa.

Udhaifu wake uko katika utekelezaji. Ushahidi mara nyingi ni uvumi. Gazeti la Idaho Statesman lilichunguza habari za Craig kwa miezi kadhaa na likajizuia kuchapa hadi kumbukumbu ya polisi ilipojitokeza. Subira hiyo ni nadra. Tena uanikaji hutumia silaha ileile inayolaani, maana haumuumizi mtu isipokuwa jamii ikubali kwamba kuwa shoga ni aibu.

Hoja ya faragha

Wanaopinga husema mtu hufungua moyo wake kwa wakati wake. Wanakumbusha Machi 1995, wakati kikundi cha wanaharakati cha Uingereza kilipowaandikia wabunge 20 kuwahimiza wajitangaze. James Kilfedder, mbunge wa Ireland Kaskazini, alifariki kwa mshtuko wa moyo siku ileile gazeti la Belfast lilipoandika kwamba mbunge wa huko analengwa. Hakuna awezaye kuthibitisha kilichousimamisha moyo wake, lakini familia hubaki na swali hilo maisha yote. Wake na watoto wa wabunge hawa nao huanikwa, na hawakupiga kura yoyote.

Uzito wa hoja ya faragha hutegemea mahali. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa picha na majina ya watu liliowaita mashoga, likitaka wanyongwe. David Kato, mmoja wa waliotajwa na walioshinda kesi dhidi ya gazeti hilo, aliuawa nyumbani kwake Januari 2011. Februari 2014, siku moja baada ya Rais Museveni kutia saini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, gazeti lingine lilitoa orodha ya watu 200. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo Agosti mwaka uleule, na nyingine kali zaidi ikasainiwa Mei 2023. Sheria za kikoloni zinazoadhibu tendo hilo bado zipo Kenya na Tanzania. Katika nchi za namna hii aliyeanikwa hupoteza zaidi ya kiti: anaweza kupoteza uhuru, nyumba, au uhai. Msomaji wa Afrika Mashariki anayesoma habari za Washington na kutamani zifanyike kwao anachukua dawa ya ugonjwa mwingine.

Kupima hoja

Sheria ya Kutetea Ndoa ya 1996, iliyoizuia serikali kuu ya Marekani kuzitambua ndoa za jinsia moja, ilipita kwa kura 342 dhidi ya 67 katika Baraza la Wawakilishi na 85 dhidi ya 14 katika Seneti, kisha Rais Bill Clinton wa chama cha Democratic akaisaini. Waliojificha miongoni mwa wale 342 wanaweza kuhesabika kwa vidole. Waliobaki walikuwa waume na wake wa kawaida waliofanya hesabu ya kawaida ya kisiasa. Hapa ndipo kanuni ya mpinzani mkali inapodhuru: inawatwika waonewa wenyewe mzigo wa kuonewa kwao, na inawaacha mamia waondoke mikono ikiwa safi.

Wala kuanguka kwa mtu hakuangushi sheria. Szájer alijiuzulu mwishoni mwa Novemba 2020. Katikati ya Desemba bunge la Hungaria liliongeza katika katiba maneno kwamba mama ni mwanamke na baba ni mwanamume, na Juni 2021 likapitisha sheria ya kuwazuia watoto wasione maudhui yanayohusu mapenzi ya jinsia moja. Chama kilimtema mtu kikabaki na ajenda. Sheria mbaya inayotungwa na mtu mkweli ni mbaya vilevile, na hiyo ndiyo sababu swali la tatu, la haki ya sheria yenyewe, lilipaswa kuwa la kwanza.

Kuanika kunabaki halali katika eneo dogo: kwa mwenye mamlaka ya kuchaguliwa, aliyetenda kwa mamlaka hayo dhidi ya wenzake, kukiwa na ushahidi usiotegemea uvumi, na katika nchi ambako atakachopoteza ni cheo. Nje ya hapo, faida ni ndogo kuliko damu inayoweza kumwagika. Hata ndani ya eneo hilo, linalomtoa mtu mafichoni kwa namna yenye kudumu ni kupungua kwa gharama ya ukweli, na hilo liko mikononi mwa wapiga kura.

Wanaume wawili wa chama cha Republican walionyesha hilo mwaka 1996. Steve Gunderson wa Wisconsin alikuwa ametajwa hadharani na mbunge mwenzake, Robert Dornan, ukumbini mwaka 1994. Kwa kuwa hakuwa na cha kuficha tena, ndiye mbunge pekee wa chama chake aliyeikataa Sheria ya Kutetea Ndoa. Jim Kolbe wa Arizona aliipigia kura ya ndiyo mwezi Julai, na wiki chache baadaye, jarida la The Advocate likiwa karibu kumwandika, akajitangaza mwenyewe. Bauman aliangushwa na wapiga kura wake mwaka 1980. Wa Kolbe walimrudisha Novemba ileile, na wakamchagua tena mara nne hadi alipostaafu mwanzoni mwa 2007. Mwaka 2013 alifunga ndoa na mwanamume. Alifariki tarehe 3 Desemba 2022. Siku kumi baadaye Rais Joe Biden alisaini sheria iliyoifuta ile ya 1996, ikiwa imeungwa mkono na Warepublican 39 wa Baraza la Wawakilishi na 12 wa Seneti.